Majina ya Watu wa Dzangu

Kwa jina la Mola Mwingi wa rehema, azijuaye roho za waja wake pasipo daftari, na majina yao pasipo kuandikiwa na mtu. Sala na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya kumtaja Yeye, haya ni masimulizi ya watu wa kilima cha Dzangu, jinsi majina yao yalivyowatoka mikononi na yaliyowapata baada ya hapo.

Kwanza wajulikane watu wenyewe. Wa kwanza ni Evariste, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Dzangu, katibu wa jumuiya ya kiraia mjini Bunia, ile ambayo kila mtu huko huiita sosiete sivile. Wa pili ni Alphonsine, mdogo wake wa tumbo moja, mjane. Yeye alikikimbia kilima chao, kilicho juu ya mji mdogo wa Nizi, mwaka ule vijiji vya eneo la Djugu vilipochomwa moto, na tangu hapo ameishi kambini pembezoni mwa mji, chini ya turubai, pamoja na majirani zake wa tangu utoto. Nyuma yake aliacha makaburi mawili: la mumewe Liévin na la binti yao Abigaël, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Wa tatu ni Blanchard, mtu wa kampuni ya dhahabu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na wenyeji. Huyu alifundishwa na Evariste tangu darasa la kwanza. Wa nne ni Prudence, mwanasheria wa jumuiya, mzaliwa wa kijiji cha Bule, mkali wa ulimi na mwepesi wa machozi. Wengine watajulikana watakapofika.

Kila Alhamisi Evariste alisema redioni. Kwa miaka kumi na minane alisema jambo lilelile kwa njia mbalimbali: kwamba kampuni ichimbapo ardhi ya watu ina wajibu kwa watu hao, na kwamba dola, iliyotoa ruhusa, haina haki ya kujificha nyuma ya kampuni. Watu walimsikiliza. Wauza mafuta ya mawese sokoni walimwita Papa Wajibu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, naye hakuchukia.

Alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko hotuba zake zote, nalo ni orodha. Hapakuwa na mkutano wake usio na orodha ya waliohudhuria. Aliwahi kuona vikao vya watu mia vikikanushwa na wakubwa kana kwamba havikufanyika, na tangu siku hiyo aliapa kwamba asiyeandikwa hatahesabiwa amekuja.

Mwezi wa pili kampuni iliomba kuonana na watu wa Dzangu. Mkutano ukafanyika katika ukumbi wa parokia. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, na zile karatasi za orodha zenye kichwa kilichochapwa zilikuwa zimekwisha. Evariste hakuhangaika. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mistari katika kurasa kumi na moja kwa mkono wake wa ualimu ulionyooka: namba, jina, kijiji, sahihi. Sehemu ya juu aliiacha tupu, akisema kichwa kitachapwa umeme ukirudi.

Kisha akapita nazo mwenyewe safu kwa safu.

“Papa Evariste, miye sijuwe kuandika,” alisema Emerance, bibi kizee wa Dzangu ambaye mdomo wake haukupumzika.

“Weka kidole, mama. Jina yako isipoonekana, kesho batasema haukukuyaka.”

“Na Fanta? Nayo inatoka ku listi?”

“Mwenye hajasinya hakunywi.”

“Basi lete hiyo wino, niweke vidole yote kumi!”

Ukumbi ulicheka. Alphonsine alikuwa wa kumi na nne. Aliogopa wino ungechafua kitenge chake kipya, akaukunja mkono. Evariste akamshika kidole gumba, akakichovya, akakikandamiza polepole juu ya karatasi kama afanyavyo mtu anayemfundisha mtoto. “Itatoka na sabuni,” akamwambia.

Blanchard alisema maneno mengi siku hiyo juu ya shule, juu ya maji, juu ya zahanati. Juu ya kuhamisha kilima hakusema neno. Mkutano ulipokwisha, Blanchard alizikusanya zile kurasa kwa mikono miwili, kwa adabu.

“Maître, mwalimu wangu, nitafanya fotokopi ku ofisi yetu, siye tuko na jenereta. Kesho narudisha.”

Alirudisha baada ya siku tatu. Alirudisha nakala, Evariste akazihesabu, zilikuwa kumi na moja, akaridhika, akazifungia kabatini. Wala hakuuliza kurasa zenyewe zimebaki wapi. Alikuwa amemfundisha Blanchard kusoma.

Mwezi wa sita Prudence alimpigia simu, akamwambia aje upesi kwenye ofisi ya jimbo inayoshughulika na migodi. Ukutani, nyuma ya tangazo la chanjo ya mbuzi, palikuwa na tangazo lingine lililofichwa na la kwanza. Lilisema kwamba jamii ya Dzangu imeridhia kijiji chake na makaburi yake yahamishwe, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi katika siku thelathini. Siku ishirini na tano zilikuwa zimekwisha kupita. Chini yake ilishikizwa orodha ya majina mia mbili na kumi na mawili.

Evariste alivaa miwani. Kabla hajasoma jina lolote aliiona mistari myekundu aliyoipiga mwenyewe. Juu ya mistari ile, mahali alipopaacha patupu, palichapwa kwa herufi kubwa: *Idhini ya Jamii*. Alitelemsha kidole hadi namba kumi na nne, akakuta alama ya kidole cha dada yake, safi, haikuvurugika hata kidogo, kwa sababu aliikandamiza yeye mwenyewe.

“Iko mkono yako, Papa?” Prudence aliuliza kwa sauti ndogo.

“Iko mkono yangu.”

Waliketi kwenye ngazi za ofisi. Pikipiki zilipita na vumbi lake. Prudence alifikiri kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi yake.

“Njia iko moja. Tupate listi ingine, ya kukatala, na majina ya batu bale bale. Kama nusu yao basinye mbele ya Ijumaa saa tisa, dosie, ile faili yao, inasimama. Nusu tu.” Akanyamaza, kisha akasema bila kumtazama: “Na usibaambie ile ya kwanza ilifanyika namna gani. Sema tu leta, serikali yenyewe, inaomba listi ingine. Batasinya leo hii. Banakuamini.”

“Ni kule kuniamini njo kumebauzisha.”

“Papa, miye sisemi udanganye. Ninasema unyamaze siku tano.”

“Na siku ya sita?”

“Siku ya sita kilima itakuwa ingali pale!”

Evariste hakulala vema. Asubuhi alikwenda misa, akapiga magoti muda mrefu, na alipotoka alikuwa amekwisha kuamua. Alijua kwamba akipata sahihi za watu wake kwa kuwaficha, atakuwa amewafanyia mara ya pili kile walichofanyiwa mara ya kwanza. Alijua pia kwamba huenda uamuzi huo ukamgharimu kilima. Alitumaini Mungu hatamfikisha huko.

Alifika kambini wakati wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Constant, mzee aliyekuwa mkuu wa kilima kabla ya kukimbia, alimpa kiti cha plastiki kilichovunjika mkono. Watu wakakusanyika. Evariste hakukaa. Aliwaeleza yote: ukumbi, umeme, kalamu nyekundu, sehemu ya juu iliyoachwa tupu, fotokopi, na neno lililochapwa pale juu. Hakumlaumu Blanchard kabla hajajilaumu mwenyewe.

Mchi mmoja uliendelea kutwanga, kisha nao ukanyamaza.

“Kumbe,” alisema Emerance, “ile Fanta ilikuwa ya kilima muzima. Nami nilisema ilikuwa na sukari kidogo.”

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Evariste akatoa karatasi mpya mfukoni. Safari hii kichwa kilikuwa kimekwisha chapwa: *Tunakataa*. Akaisoma kwa sauti mara mbili, akaeleza habari ya Ijumaa saa tisa, akaeleza habari ya nusu. Akaunyoosha mkono wenye karatasi kuelekea kwa Constant. Mzee hakuipokea.

“Mwalimu,” alisema Constant, “karatasi ya kukubali ni weye ulileta. Karatasi ya kukatala ni weye unaleta. Siye hatusome. Tutajua namna gani ile ya leo haiko ile ya jana?”

“Mutajua kwa sababu nimewaambia kweli.”

“Ile siku nayo ulituambia kweli. Haukujua tu kama ni bongo, ni uongo.”

Evariste akamgeukia dada yake. Alphonsine alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono yake ndani ya kitenge.

“Alphonsine. Ni Liévin na Abigaël.”

“Usinitajie majina yao.” Hakupaza sauti. “Yaya, kaka yangu, mimi sikuweka kidole. Kidole ilikamatwa. Ni weye ulikamata. Nilikuachia juu ya kuwa ni weye, angekuwa mutu mwingine ningekatala. Leo unakuja na karatasi ingine, kidole ni kile kile, mukono ni ule ule.”

“Basi nifanye nini? Wakati inakwisha.”

“Siweke tena. Hata ikiwa ni karatasi ya mbinguni.”

Alirudi kesho yake, akarudi na siku iliyofuata. Alimleta paroko, naye paroko akasoma ile karatasi mbele yao kwa sauti ya mimbarini. Wakamshukuru, wakampa maji ya kunywa, wala hawakusinya. Watu wa Dzangu walikuwa wamejifunza jambo moja kwa gharama kubwa, na hawakuwa tayari kulisahau ndani ya juma moja ili kumridhisha mtu aliyewafundisha. Alhamisi jioni, Evariste alipokuwa anaondoka mikono mitupu, Alphonsine ndiye aliyesimama.

“Kama leta inataka kujua tunakatala, ituangalie na macho. Kesho tunaenda. Siye wote.”

Ijumaa walitembea tangu kambini hadi katikati ya mji, wanaume mbele na wanawake nyuma, watu zaidi ya mia na hamsini, wengine miguu mitupu na viatu mkononi ili viatu vifike safi. Hawakuimba. Wauza simu kwenye bulevari waliacha biashara wakawatazama. Saa nne walikuwa wameujaza uwanja wa ofisi, wakaketi chini.

Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa mama mmoja aitwaye Viviane. Hakuwa mtu mbaya. Alitoka nje, akawasalimia wazee kwa kuinamisha kichwa, akaagiza waletewe maji.

“Mama,” Alphonsine alimwambia, “siye ni batu ba Dzangu. Tunakatala. Sasa umetuona.”

“Nimebaona, mama yangu. Lakini macho yangu haiingie mu dosie. Mu dosie inaingia karatasi.”

“Karatasi njo iliongopa. Batu njo bako hapa.”

Viviane alimtazama Evariste, kana kwamba anamwomba amsaidie kutafsiri jambo ambalo halikuhitaji mkalimani. Evariste alisogea mbele. Maneno yote ya redioni yalimjia pamoja, akashindwa kuyapanga.

“Madame, kazi ya leta ni nini kama haiko kuona batu? Weye ulipokea orodha isiyo na tarehe, isiyo na muhuri wa kilima, ukaibandika nyuma ya mbuzi.”

“Kompani njo ilipashwa kuuliza batu, Papa. Siye tunapokea tu chenye inaletwa. Kama kompani ilifanya mayele na ujanja, mushitaki kompani.”

Blanchard naye alikuwapo. Kampuni ilimtuma mara iliposikia habari ya maandamano. Alikuwa amesimama kando ya mlango, shati lake limepigwa pasi, uso wake umekauka.

“Siye tulifata sheria, Maître. Permi ya kuchimba ilitoka ku leta, tangazo ni leta ilibandika, siku thelathini ni leta ilihesabu. Kama sheria iko mubaya, musemeshe leta.”

“Na kile kichwa cha karatasi? Ni leta iliandika?”

Blanchard alitazama viatu vyake. “Miye nilipeleka karatasi ku ofisi. Sijuwe nani aliandika.”

“Nilikufundisha kuandika jina yako, Blanchard. Haukusahau. Batu bengine nao hawakusahau yao.”

Basi Evariste akabaki kati ya mlango na ngazi, Viviane akimwonyesha Blanchard na Blanchard akimwonyesha Viviane. Kwa miaka kumi na minane alieleza redioni wajibu wa kampuni unapoishia na wajibu wa dola unapoanzia. Sasa aliona kwamba pale viwili hivyo vinapokutana pameachwa nafasi, na ndani ya nafasi hiyo wameketi watu mia na hamsini juani.

Prudence hakungoja. Alipiga magoti uwanjani, akaandika barua kwa mkono juu ya paja lake, akaisoma kwa sauti, akaomba majina. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Alikwenda kwa mmoja mmoja, akabembeleza, akakaripia, mwishoni akalia waziwazi. Vijana wanne waliojua kusoma walisinya. Mzee Constant alishika kalamu, akaigeuzageuza, akairudisha. Evariste alikuja akachuchumaa mbele ya dada yake. Naye Alphonsine alimtazama kwa huruma kubwa, kama atazamwavyo mgonjwa, wala mikono yake haikutoka ndani ya kitenge.

Saa tisa kasoro dakika kumi Viviane aliipokea barua. Ilikuwa na majina sita, la Evariste na la Prudence yakiwemo. La Prudence lilifutwa hapohapo, kwa kuwa yeye ni mtu wa Bule. Muhuri ukapigwa juu ya majina matano. Ofisi ikafungwa.

Njia nzima ya kurudi Prudence alitangulia mbele. Walipofika njia panda ya kambi ndipo alipogeuka. “Ungenyamaza, Papa. Siku tano tu.”

Jumatatu jumuiya ya kiraia ilikaa kikao. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Katsuva alishikilia kwamba kampuni haina wa kulaumiwa: “Kompani ni kompani, inatafuta zahabu. Leta njo baba ya nyumba. Baba akilala, utalaumu mugeni kwa kukula?” Wengine wakasema la, kampuni ina macho na ina dhamiri, na haiwezi kunufaika na usingizi wa mtu. Walipendekeza tamko kwa vyombo vya habari, na wakaanza kugombania maneno yake. Evariste alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na siye? Siye tulikuwa wapi?” Akaweka funguo za kabati mezani, akaomba asiitwe katibu tena. Wakamsihi, akatoka.

Mashine zilipanda Dzangu mwezi wa nane. Siku chache baadaye jamaa za marehemu waliitwa kupokea mifupa ya watu wao, mahali palipotengwa kando ya barabara ya Nizi. Alphonsine alituma mtu kumwita kaka yake. Ulikuwa wito wake wa kwanza tangu ile Ijumaa.

Chini ya hema jeupe palipangwa masanduku madogo ya mbao, kila moja na namba yake. Blanchard alikaa kwenye meza. Liévin alikuwa sitini na tatu. Abigaël alikuwa sitini na nne. Kampuni ilikuwa imewaweka pamoja, na kwa hilo Alphonsine alishukuru. Kisha akasukumiwa karatasi.

“Soma, yaya,” alisema. “Toka juu mpaka chini. Usiruke.”

Evariste alisoma. Alisoma kichwa, tarehe, namba, majina ya marehemu. Alipofika fungu la tatu akaishusha karatasi.

“Soma.”

“Inasema... ‘Familia inakiri kwamba imeridhika, na haitadai kitu kingine chochote, leo wala kesho, kwa kampuni wala kwa serikali.’”

Alphonsine alimtazama Blanchard. “Nani aliandika nimeridhika?”

“Ni modeli tu, Mama Alphonsine. Inatoka Kinshasa. Ni ile ile ya batu bote.”

“Na nikikatala?”

Blanchard alijibu taratibu, na ilionekana kwamba jibu lenyewe lilimuuma. “Masanduku inarudi ku depo. Mpaka siku ingine. Sijuwe siku gani.”

Kwao Dzangu mifupa iliyofukuliwa hailazwi hata siku moja pasipo mtu wa damu yake karibu; huo ndio ulezi wa mwisho ambao aliye hai anaweza kumpa aliyekufa. Alphonsine alilijua hilo, Evariste alilijua, na Blanchard, mtoto wa milima ileile, alilijua pia. Jamaa waliokuwa nyuma ya Alphonsine katika foleni hawakumharakisha. Mwishowe alisema, “Yaya, sasa ninajua chenye ninaweka,” akaweka kidole juu ya neno kwamba ameridhika. Machozi yalikuwa yakimtoka wakati huo.

Evariste alikuwa amesimama kama mtu anayengoja hukumu. Dada yake alilinyanyua sanduku la sitini na tatu, akaliweka begani. Lile jingine akaliacha mezani.

“Weye ubebe Abigaël,” akamwambia. “Yeye ni mwepesi. Na alikupendaka.”

Wakatoka hemani wote wawili, wakafuata mashimo mapya yaliyopangwa kwa kamba, wakawazika watu wao kabla jua halijageuka. Paroko alisoma sala. Bibi Emerance alishika udongo, akautupa, wala hakusema neno la mzaha.

Mola awarehemu Liévin na Abigaël na wote walioondolewa katika malalo yao. Awape subira waliobaki: mjane chini ya turubai, mzee asiye na kilima, mwalimu aliyekosea kwa nia njema, na mwanasheria anayeendelea kulia na kuendelea kuandika. Ayaguse macho ya wenye mamlaka yaone watu kabla ya karatasi, na mioyo ya wenye mali ijue haya. Na walio mbali na kwao awarudishe salama, au awape ardhi itakayowapokea kwa upole. Amina.